Uwezo wa mnara ni wa wote: tuambiwe fungu linalotufikia

Mhariri,

Kwa muda sasa wasomaji wamekuwa wakilalamika katika ukurasa wako wa barua kuhusu intaneti ya simu inayosuasua, na karibu kila mlalamikaji huishia kwenye neno moja, wizi, kwamba ameuziwa bando lenye kasi asiyoiona. Majibu wanayopewa nayo hayabadiliki: zima simu uiwashe, hakikisha laini yako ni ya 4G, sogea mahali penye mtandao mzuri. Mimi nimekuwa fundi wa mitambo ya simu kwa zaidi ya miaka 30, tangu enzi za swichibodi za mkono hadi minara ya simu za kiganjani, na naona pande zote mbili zinalizunguka jambo lenyewe bila kuligusa. Mnara hauna kasi ya kumpa mtu mmoja. Una uwezo mmoja ambao watu wote walio chini yake wanaugawana, na mgawo huo unafanywa kwa kanuni iliyochaguliwa na binadamu, nasi hatujawahi kuambiwa kanuni hiyo wala fungu linalotuangukia.

Nianze na nililoliona kwa macho. Msimu wa machungwa hapa Muheza huleta malori ya wanunuzi, mengi yakitoka Kenya, na siku ya gulio idadi ya watu mahali pamoja huwa mara kadhaa ya ile ya siku za kawaida. Nilikuwa nimeketi kibandani nikinywa kahawa. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alikuwa amemaliza kupakiza machungwa yake, na kijana wa udalali akamwonyesha kioo cha simu yake akamwambia, "Mama, hela imeshakwenda, tazama mwenyewe." Mama akaitazama simu yake ndogo ya vitufe, ile ambayo vijana huiita kiswaswadu, akajibu, "Mwanangu, simu yangu haijalia. Gari halitoki hapa." Dereva akaacha injini ikiunguruma. Kijana akabonyeza menyu aangalie salio, kioo kikakaa kimya, akabonyeza tena. Wengine waliokuwa na shida kama yake nao wakawa wanabonyeza. Vijiti vya mtandao kwenye simu yake vilikuwa vimejaa vyote, kimoja hakikukosekana. Ilipita kama nusu saa, kisha simu ya mama ikalia mara tatu mfululizo na lori likaondoka. Hakuna aliyeibiwa siku ile, ingawa nusu ya waliokuwapo waliamini hivyo, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Kilichotokea kina maelezo, nayo si marefu. Katika mitambo ya kizazi cha pili (2G), ambayo simu ndogo huitegemea, ujumbe mfupi na menyu za kubonyeza nyota na alama ya reli havipiti katika njia inayobeba sauti. Hupita katika vijia vyembamba vya uratibu, vilevile ambavyo simu huvitumia kuuomba mnara nafasi ya kupiga. Na kabla ya kupewa hata kijia hicho, simu hupiga hodi. Njia ya hodi ni ya wote na haina zamu. Simu mbili zikibisha kwa pamoja, hodi zao hugongana na mnara huenda usisikie hata moja, basi kila moja husubiri kwa muda wa kubahatisha kisha hubisha tena. Utaratibu wa namna hii ulianzia Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao wa redio walioupa jina la ALOHA, ili kompyuta za visiwa mbalimbali zitumie masafa yaleyale bila msimamizi. Hesabu zake zinajulikana vizuri. Kila mmoja akibisha anapojisikia, njia haiwezi kupitisha kwa mafanikio zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Wote wakilazimishwa kuanza mwanzoni mwa vipande vya muda vilivyopangwa, kama zifanyavyo simu zetu, kikomo hupanda hadi asilimia 37 hivi. Ukivuka hapo, hodi zinazofanikiwa hazibaki palepale, zinapungua. Kila aliyebonyeza tena kwa hasira pale gulioni alikuwa anamzibia jirani yake, na jirani akibonyeza alikuwa anamzibia yeye.

Vijiti vilivyojaa kwenye kioo havikusema uongo, ila vilisema jambo jingine. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Havisemi mnara huo una watu wangapi wala umebakiwa na nini cha kukupa. Ni sawa na mtu anayeona jiko linawaka akadhani chakula kitamtosha.

Hapa ndipo ninapokumbuka kitu ambacho zamani wateja walikichukia sana, ule mlio wa laini kujaa. Tulipokuwa na mitambo ya zamani, kati ya mji mmoja na mwingine palikuwa na idadi maalumu ya laini, tuseme 10 au 20, na zikishikwa zote anayefuata alisikia mlio au aliambiwa na opereta kwamba laini zote zina shughuli. Mteja alikasirika, lakini alikuwa ameambiwa ukweli. Alijua kwamba amenyimwa, na alijua kwa nini. Njia za data za leo hazimnyimi mtu. Zinampokea kila anayekuja na kumkatia kila mmoja kipande kidogo zaidi, na anayefuata kidogo zaidi, hadi kila mtu yumo ndani na hakuna anayepata kitu cha maana. Mtambo hautoi mlio. Unakuonyesha kiduara kinachozunguka kwenye kioo, nawe hujui kama kosa ni la simu yako, la bando lako, la benki, au la mtu uliyemtumia hela.

Kwa laini za zamani tulikuwa na kipimo, na kipimo hicho kina jina la mtu. Agner Krarup Erlang, mhisabati aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen nchini Denmark, alichapisha mwaka 1917 kanuni inayoeleza kwamba, ukijua wastani wa mazungumzo yanayoendelea kwa wakati mmoja katika saa yenye shughuli nyingi kuliko zote, utajua ni laini ngapi zinatakiwa ili wanaokosa nafasi wasizidi, kwa mfano, mmoja katika kila mia. Kanuni hiyo ina jambo moja ambalo hadi leo hunifurahisha. Laini 10, kwa kiwango hicho cha mmoja kwa mia, hubeba wastani wa mazungumzo 4.46 kwa wakati mmoja. Ungetarajia laini 20 zibebe mara mbili ya hapo, yaani 8.9 hivi. Hubeba 12. Kwa maneno mengine, makampuni mawili yenye laini 10 kila moja, yakiziunganisha laini zao ziwe fungu moja, huhudumia watu zaidi bila kununua waya hata mmoja. Kwa hiyo sisemi kwamba kugawana njia ni ubaya. Kugawana kukipangwa vizuri kuna faida ambayo mtu akiwa peke yake hawezi kuipata, na ndiyo sababu naona haieleweki tunapokuwa na kata yenye minara mitatu ya makampuni matatu, mmoja umeelemewa, miwili inapiga mbu, na hakuna anayeruhusiwa kuvuka.

Sasa nije kwenye namba ya kwenye tangazo. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo ambacho hakuna ufundi unaoweza kukivuka, na kwamba kikomo hicho kinategemea upana wa masafa na jinsi nguvu ya ishara inavyoizidi kelele. Kelele, kwa minara ya leo, kwa sehemu kubwa ni mawimbi ya minara jirani. Chukua mnara wenye masafa ya upana wa megahezi 10. Mtu aliye karibu, ambaye ishara inamfikia ikiwa na nguvu mara 100 ya kelele, kikomo chake ni megabiti 66 hivi kwa sekunde. Mtu aliye pembeni kabisa, ambaye kwake ishara na kelele zimelingana, kikomo chake ni megabiti 10. Ongeza nguvu ya mtambo maradufu, na yule wa karibu atapata megabiti 10 zaidi, huku wa pembeni akipata nyongeza isiyofika 6. (Mitambo mipya hutumia antena kadhaa kwa pamoja na namba zake ni kubwa kuliko hizi, lakini mwenendo wake ni uleule.) Anayedhani dawa ya msongamano ni kuongeza moto mnarani amekosea. Dawa yake ni masafa mapana zaidi, au minara mingi zaidi ambayo kila mmoja unahudumia watu wachache zaidi.

Namba hizo, 66 na 10, ni za mtu aliye peke yake. Tangazo linaposema "hadi" megabiti kadhaa, linazungumzia mtu aliye karibu na mnara saa ambayo watu wengine wote wamelala. Nimelijaribu hili nyumbani kwangu. Nikiwa nimekaa barazani kwenye kiti kilekile, kwa simu ileile, saa 11 alfajiri nilipata zaidi ya megabiti 40 kwa sekunde, na siku hiyohiyo saa 2 usiku sikufika 2. Mnara haukusogea, nami sikusogea. Sitautaja mtandao ninaoutumia kwa sababu sina ugomvi nao, na nina hakika jirani yangu mwenye mtandao mwingine angeandika barua hii hii.

Swali la watu wengi kugawana njia moja lilikuja kushughulikiwa baadaye. Shannon mwenyewe aliligusa mwaka 1961, kisha watafiti wengine, Rudolf Ahlswede mwaka 1971 na Henry Liao mwaka 1972, wakalitatua kwa upande wa simu nyingi zinazorusha kwenda kituo kimoja. Jibu lao lina maana kubwa kwa mnunuzi wa bando. Kila mtumiaji ana kikomo chake akiwa peke yake, na juu ya hapo kuna kikomo cha jumla yao ambacho ni kidogo kuliko vikomo vyao vikijumlishwa. Kwa hiyo uwezo wa njia ya watu wengi hauelezeki kwa namba moja. Unaelezeka kwa orodha ya migawo yote inayowezekana, nayo ni mingi mno, na yote ni sahihi kwa hesabu. Hesabu hukuambia lipi linawezekana. Nani apate nini huamuliwa na mwenye mtambo.

Naomba nilionyeshe hili kwa watu wawili tu, ili msomaji aweze kulifuata kwa kalamu na karatasi. Mmoja ana duka chini ya mnara wetu wa mfano, mwingine ni mkulima aliye bondeni pembeni kabisa, na wote wawili wanataka kupakua kitu kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni kumpa kila mmoja nusu ya muda. Mwenye duka atapata megabiti 33, mkulima 5, jumla 38. Njia ya pili ni kuhakikisha kila mmoja anapata kasi sawa. Hapo mkulima, kwa kuwa njia yake ni nyembamba, itabidi apewe asilimia 87 ya muda wote, na kila mmoja ataambulia megabiti 8.7, jumla 17.4. Haki imeongezeka na jumla imepungua kwa zaidi ya nusu. Njia ya tatu ni kumpa mwenye duka muda wote. Jumla itakuwa 66, nayo itapendeza sana kwenye ripoti ya kampuni, ila mkulima atapata sifuri. Migawo yote mitatu iko ndani ya uwezo wa mnara. Yote inaweza kutangazwa kwa maneno yaleyale, "kasi hadi megabiti 66". Na mkulima ananunua bando kwa bei ileile ya mwenye duka.

Kuna hata njia ya nne, nayo ndiyo iliyonifanya nikiri kwamba hesabu hizi zina uzuri wake. Mtafiti Thomas Cover alionyesha mwaka 1972 kwamba mnara hauna lazima ya kuwapa watu zamu. Unaweza kurusha ujumbe wa wote wawili kwa wakati mmoja, juu ya masafa yaleyale, mmoja ukiwa umepandishwa juu ya mwingine, nguvu kubwa zaidi akipewa aliye mbali. Simu ya mkulima husikia ujumbe wake na kuuchukulia ule wa mwenye duka kama kelele. Simu ya mwenye duka, kwa kuwa inasikia vizuri, hutambua kwanza ujumbe wa mkulima, huuondoa, kisha husoma wa kwake uliobaki chini. Kwa mnara wetu wa mfano, mkulima akibaki na megabiti 5 zake zilezile za mgawo wa nusu kwa nusu, mwenye duka anaweza kupata 54 badala ya 33. Hakuna masafa yaliyoongezwa, hakuna nguvu iliyoongezwa. Jambo hili linazitaka simu zifanye kazi nzito ya kuchambua, na minara ya kawaida bado hugawa kwa vipande vya muda na masafa, kwa hiyo simdai mtu alifanye kesho asubuhi. Nimelitaja ili ieleweke kwamba mgawo tulio nao haukushuka kutoka mbinguni.

Mtambo wa 4G hugawa upya kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kanuni inayotumika sana humtazama kila mteja kwa kulinganisha hali yake ya wakati huo na wastani wake mwenyewe, ili aliye mbali naye apate zamu pale mawimbi yake yanapochangamka kidogo. Ni kanuni ya busara. Lakini mtambo huohuo una uwezo wa kuwapanga wateja kwa madaraja, wa huduma hii watangulie na wa huduma ile wasubiri, na una uwezo wa kupunguza kasi ya aliyevuka kiwango fulani hata kama bando lake linaitwa lisilo na kikomo. Masharti hayo kwa kawaida huandikwa chini ya neno "matumizi ya haki", kwa herufi ambazo macho yangu hayazioni tena. Haki hiyo ni ipi, na ni ya nani kati ya mwenye duka na mkulima, ndilo swali ninalotaka lijibiwe hadharani.

Najua wenye mitandao watasema kwamba kasi ya mawimbi haitabiriki, kwamba mvua, miti, kuta za nyumba na idadi ya watu hubadilika kila dakika, na kwa hiyo hawawezi kumwahidi mteja namba. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli huwezi kumwahidi mtu mmoja kwa sekunde moja. Lakini Erlang naye hakujua nani angepiga simu saa ngapi, wala angeongea dakika ngapi. Alijua wastani wa saa yenye shughuli nyingi, na huo ulitosha kuendeshea simu za dunia nzima kwa miongo mingi. Kinachobahatisha kwa mtu mmoja hutulia kikiwa cha watu elfu moja. Kampuni inayojua kutabiri mauzo ya vocha ya mwezi ujao haiwezi kuniambia kwamba haijui mnara wake hubeba nini saa 2 usiku.

Watasema pia kwamba tatizo wakati mwingine liko mbali na mnara, na hapo nakubaliana nao. Mnara hulishwa na kiungo cha redio au cha nyuzi, kiungo hicho nacho kinagawanywa na minara mingine, na mwisho wake kuna mikongo ya baharini inayogawanywa na nchi nzima. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini kwa wakati mmoja upande wa kusini, Tanzania na majirani zake tulipata somo la njia ya pamoja ambalo halikuhitaji mwalimu: waliokuwa na bando kubwa na waliokuwa na bando dogo walikaa pamoja wakitazama kiduara. Lakini mkongo hukatika mara moja moja, na ukikatika tunatangaziwa. Gulio la Muheza hujaa kila msimu na hakuna tangazo.

Ninachoomba kwa makampuni ni kwamba, pamoja na ile kasi ya "hadi", yataje kasi ya kawaida ya saa yenye shughuli nyingi, kwa kila kata, na yaitaje kwa namna mbili: ile ya katikati, ambayo nusu ya wateja hupata zaidi yake na nusu chini yake, na ile ambayo mmoja katika kila wateja 10 hupata chini yake. Namba ya pili ndiyo ya mkulima wa bondeni, na ndiyo hupotea wastani unapotajwa peke yake. Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, ombi langu ni kwamba takwimu hizo ziambatane na kiasi ambacho minara ya kila wilaya hujaa katika saa hiyo, kwa sababu idadi ya laini zilizosajiliwa na asilimia ya watu waliofikiwa na mawimbi ni habari za vijiti, nasi tumekwisha kuona kwamba vijiti havitoshi. Kata inaweza kuhesabiwa kuwa imefikiwa na 4G kwa asilimia 100 na bado mama akashindwa kupokea malipo ya machungwa.

Njia za uratibu, zile za hodi na za ujumbe mfupi, zitajwe kivyake. Hazionekani kwenye kipimo chochote cha kasi ya intaneti, kwa sababu anayepima kasi huwa ameshafunguliwa mlango. Hali ndizo hizo zinazobeba fedha za watu wengi wenye simu ndogo, nazo ndizo huziba kwanza siku ya gulio, siku ya mshahara na usiku wa kuamkia sikukuu. Fundi anaweza kuziongeza kwa kuchukua sehemu ya nafasi za sauti, na kwa msimu unaojulikana tarehe zake kama wa machungwa hakuna sababu ya kungoja zizibe.

Na makampuni yanayogawana minara, kwa maana ya nguzo za chuma, yaruhusiwe na yahimizwe kugawana pia uwezo wa mitambo iliyo juu ya nguzo hizo katika kata zenye wateja wachache, kwa sababu ile ya laini 10 na laini 20 niliyoieleza. Wapo watakaosema hilo litaua ushindani. Ushindani wa minara mitatu iliyosimama jirani, kila mmoja ukielemewa kwa siku yake, sijaona unamnufaisha nani bondeni.

Nimalizie kwa kifaa kimoja. Katika mtambo wa simu wa zamani, kwenye safu ya laini za kwenda mji mwingine, palikuwa na kaunta ndogo yenye tarakimu nyeupe juu ya gurudumu jeusi. Kila mpigaji aliyekosa laini kwa sababu zote zilishikwa, kaunta hiyo ilisogea namba moja kwa mlio mdogo, tak. Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi wa zamu aliisoma na kuiandika kwa mkono katika rejista kubwa yenye jalada gumu, na mkaguzi alipokuja rejista hiyo ndiyo aliyoifungua kwanza, kabla hata ya kusalimiwa vizuri. Mitambo ya leo ina kaunta nyingi kuliko zile, za kila upande wa kila mnara: nafasi zimejaa kwa kiasi gani, hodi ngapi zimegongana, wangapi wamekosa kijia cha uratibu. Zinajiandika zenyewe usiku na mchana katika kompyuta za makampuni. Naomba rejista hiyo ifunguliwe, na kama pa kuanzia panatafutwa, mnara ulio jirani na gulio letu unafaa, kwa hesabu za msimu uliopita wa machungwa.

Wako,
Fundi mstaafu wa mitambo ya simu,
Muheza, Tanga.